Sufuri Zangu Tisa na Sima ya Mama Mbeyu

Mlinipa dakika tano. Sijasahau. Ilikuwa siku ya vijana kanisani kwetu Frere Town, baada ya kwaya na kabla ya mnada wa keki, mkasema, "Sasa tumkaribishe bibi yetu, hawe Kadzo, atueleze kidogo kuhusu kazi yake ya takwimu." Dakika ya pili kijana wa mitambo akaanza kujaribu spika, moja mbili, moja mbili, juu ya sauti yangu. Dakika ya nne msichana mmoja, simtaji jina kwa sababu mamake namheshimu, akainua mkono akauliza kama nilikuwa karani wa benki. Nikakaa chini. Keki ya kwanza ikanadiwa, watu wakapiga makofi mengi kuliko walivyonipigia mimi, nami nikarudi zangu Mishomoroni nimevimba mashavu. Basi haya ndiyo niliyotaka kusema, na safari hii hakuna wa kunipimia saa.

Sikuwa karani wa benki. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kwenda viwandani, mahotelini, shuleni na kwenye maghala, Changamwe mpaka Likoni na kurudi Kisauni, na mkoba wa fomu begani. Nilikuwa nawauliza waajiri swali moja: mwaka uliopita mliwalipa nini watu waliowafanyia kazi? Majibu yao yalijumlishwa, yakaunganishwa na ya nchi nzima, ikapatikana tarakimu moja kubwa iitwayo jumla ya malipo ya wafanyakazi. Ni ile mnayoisikia redioni mara moja kwa mwaka, kati ya matokeo ya mpira na tangazo la sabuni. Mtangazaji husema, "Imepanda." Nanyi hucheka mkasema, "Imepanda kwa nani?" Swali zuri sana hilo, ila hamngoji jibu, mnahamia kwenye simu zenu. Ndiyo maana nawakasirikia.

Ngojeni basi. Nchi ikizalisha kitu, thamani yake hugawanywa. Kuna fungu la waliofanya kazi, kuna fungu la wenye mitambo na majumba, na kuna fungu la serikali kwa njia ya kodi. Ukitaka kujua nchi inawatendeaje wenye jasho, usihesabu magari mapya barabarani. Tazama fungu lile la kwanza lina ukubwa gani ukililinganisha na mengine. Chama cha wafanyakazi hulitumia kudai nyongeza, wapangaji wa serikali hulitumia kupanga, na waajiri hulitumia kusema wanalipa vya kutosha. Kila mmoja analivuta upande wake. Sasa kama lilijazwa vibaya kule Changamwe na mwanamke mmoja mwenye haraka ya kurudi nyumbani, wote wanavuta uongo.

Mwanamke huyo ni mimi. Nitafika huko.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mwakio, Mtaita mmoja mrefu, mkali, aliyevaa tai hata akienda kwenye kiwanda cha mbolea. Wiki yangu ya kwanza nilimletea fomu ya duka kubwa la jumla, imejazwa kwa wino mweusi, safi kabisa, nikangoja sifa. Akaitazama kidogo akanirudishia.

"Umeandika walichopeleka nyumbani," akasema.

"Ndiyo, Bwana Mwakio. Si ndicho walicholipwa?"

"Kodi waliyokatwa ilikuwa ya nani kabla haijakatwa?"

"Yao."

"Na mchango wa pensheni ambao tajiri anawaongezea kutoka mfukoni mwake, bima ya matibabu, nyumba anayowakalisha bure, chakula cha mchana, hivyo ni vya nani?"

Nikaikunja fomu. Akaniambia nirudi nikaanze upya, kwa miguu, na jua la saa nane. Tangu siku ile sijakosea tena hapo. Malipo ya mtu ni zaidi ya zile noti anazohesabu mwisho wa mwezi, na tajiri akikuambia "mimi nalipa hivi tu" mara nyingi anajipunja mwenyewe bila kujua, au anakupunja wewe huku akijua vizuri.

Halafu kulikuwa na vita vya gambuti. Karani wa machinjio aliandika viatu vya mpira kama malipo ya wafanyakazi, kila mtu jozi mbili kwa mwaka. Bwana Mwakio akakataa. Karani akasema viatu ni viatu, wanavivaa. Bwana Mwakio akamwambia, "Ukimpa mtu kitu kwa ajili ya kazi yako, hujamlipa. Ukimpa kitu anachoweza kukitumia kwake na wanawe apendavyo, hapo umemlipa." Karani akajibu kwamba kuna mfanyakazi wake mmoja huja na gambuti zile hadi kanisani Jumapili. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana kwamba gambuti za kanisani ni dhambi ya mwenyewe, hazimo kwenye fomu. Sabuni nayo ni hivyo hivyo. Ya kunawia mikono kazini si malipo, lakini mche wa kubeba nyumbani ni malipo. Msicheke. Unga, sabuni, mafuta, nyumba, vitu hivi ukivikusanya nchi nzima vinakuwa mlima.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa jingine, na alilirudia mpaka tukawa tunamwigiza akigeuka mgongo. "Usianze ofisini," alikuwa akisema. "Anza jikoni. Ofisini watakwambia wafanyakazi ni wangapi. Jikoni utaona ni sahani ngapi. Mtu anaweza kufichwa kwenye karatasi, lakini mtu akiwa na njaa hafichiki."

Nilicheka kama wengine. Wakati ule nilikuwa na miguu mizuri na akili ya kuchukua njia ya mkato. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mmeimbiwa hiyo tangu shule ya msingi. Mimi halikuvunjika guu langu. Aliyeumia alikuwa ndugu yangu.

Kahindi ni mdogo wangu wa mwisho, nimembeba mgongoni. Alipoanza kutafuta riziki alipata kibarua katika kiwanda kimoja cha misumari na waya kule Changamwe. Kila asubuhi husimama langoni na wenzake, wakala wa vibarua huja akachagua, wewe na wewe na wewe, na kila aliyechaguliwa hupewa kibati chenye namba. Kibati kile ndicho cha kuingilia, ndicho cha kuchukulia sahani ya sima mchana, na jioni hurudishwa. Jumamosi wanalipwa mkononi. Wengine huitwa kwa juma moja wakaondoka. Kahindi aliitwa miaka kumi.

Kiwanda hicho kilikuwa katika eneo langu. Kila mwaka, mwezi wa tano, nilikuwa nakwenda na mkoba wangu, na mara nyingi nilimkuta ndugu yangu pale langoni. Mwaka wa kwanza aliniita kwa furaha mbele ya watu, "Dada Kadzo!" Nikamkunjia uso. Jioni nikamweleza: usinisalimie pale, watu watasema umeletwa na dada wa serikali, wakala atakunyima kibati, na karani ataniona nina upande. Akaelewa. Ana moyo mwepesi Kahindi. Kuanzia hapo nikipita alikuwa akitazama chini, akichezea kidole cha kandambili yake, mimi naye hatujuani. Nilijiona mwenye busara sana.

Ndani nilipokewa na karani wa mishahara, Bwana Fadhili. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, na fomu yake ilikuwa tayari imejazwa kwa penseli. Aliagiza chai ya maziwa na mahamri kabla sijakaa. Tunapitia mistari. Wafanyakazi wa kudumu, sawa. Marupurupu, sawa. Michango ya mwajiri, sawa. Tunafika mstari wa vibarua wa kutwa.

"Hapo weka sufuri, mama. Hao si wetu, ni wa wakala."

Nikaenda kwa wakala. Ofisi yake ilikuwa ni simu na kiti cha plastiki kando ya kibanda cha soda. "Mimi?" akasema. "Mimi nawaleta langoni tu, mama yangu. Anayewatumia ni kiwanda, muulize kiwanda."

Kila mmoja akanionyesha mwenzake. Mtu mwenye akili angeuliza: pesa anazolipwa wakala zimeandikwa wapi? Nami nilijua jibu. Zilikuwa katika mstari wa gharama za vifaa na huduma, pamoja na kamba, mafuta ya mashine na mafagio. Nilijua pia unga wa jikoni ulikuwa mwingi mno kwa idadi ya watu waliotajwa. Jiko lenyewe lilikuwa hatua thelathini kutoka pale nilipokuwa nikila mahamri. Lakini fomu ya mwaka uliotangulia ilikuwa na sufuri, na ofisini kwetu ukileta kitu tofauti na cha mwaka uliotangulia unaulizwa maswali mpaka usiku. Nikaandika sufuri. Mwaka uliofuata nikaandika sufuri. Mwandiko wangu ni mzuri, mwenyewe najua, sufuri zangu ni za mviringo kabisa.

Natoka nje, nampita Kahindi langoni, narudi nyumbani. Jioni nyingine alikuwa akija kwangu kula, na tulikuwa tukila pamoja bila yeyote kusema neno juu ya hilo.

Mwaka wa kumi, mwezi wa pili, mashine ya kuvuta waya ilimshika mkono wa kushoto. Vidole vitatu vilikwenda, na vilivyobaki havikunjiki. Wenzake walimpeleka hospitali kwa tuktuk. Kiwanda kilituma mtu mara moja kutazama, hakurudi. Wakala akazima simu.

Sidi, mke wa Kahindi, alimfuata afisa wa kazi. Afisa akamweleza vizuri: sheria ipo, mtu akiumia kazini analipwa, na kibarua aliyeitwa mfululizo miaka yote hiyo sheria haimhesabu tena kibarua. Lakini lete ushahidi. Barua ya kuajiriwa? Hakuna. Hati ya mshahara? Hakuna. Kibati? Kilirudishwa siku ile ile, hata mkono ukiwa unavuja damu mlinzi alikidai. Kiwanda kimeandika barua kwamba hakimjui mtu huyo.

Sidi akaja kwangu mchana, mtoto mgongoni, hata hakukaa.

"Wifi, wewe si ndiwe unayeingia kule kila mwaka na mkoba? Si ndiwe mwenye karatasi za wafanyakazi wao wote? Basi nenda ukaseme. Sema yumo."

"Siwezi, Sidi. Zile fomu ni siri. Nimekula kiapo."

"Kiapo kwa nani? Kahindi si nduguyo?"

Nikamweleza, na nawaeleza nanyi kwa sababu mtafanya kazi za watu. Fomu ile haipelekwi kwa watu wa kodi, wala polisi, wala mahakamani. Ikitoka nje mara moja tu, hakuna karani atakayetuambia kweli tena, na tarakimu yote ya nchi itakuwa porojo. Ni sheria nzuri. Nilimweleza kwa ufasaha. Sidi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya wifi," akasema. "Tunza siri yako. Mimi nakwenda kutafuta watu wasio na kiapo."

Akaondoka. Niliona aibu nikaona na hasira, na sikujua hasira ile ni ya nani. Siku ya pili nikaenda ofisini, nikafungua kabati la fomu za zamani, nikazitoa zote za kile kiwanda tangu Kahindi aanze, nikazipanga mezani. Tisa. Ya kumi ilikuwa bado, ikingoja mwezi wa tano. Mstari wa vibarua wa kutwa: sufuri, sufuri, sufuri. Zote mwandiko wangu. Hapo ndipo nilipoona. Kumbe nilikuwa nimemkatalia Sidi kwa ajili ya siri ambayo haikuwapo. Hata ningevunja kiapo, hata ningezipeleka fomu zile kwa afisa wa kazi na kuzitandaza mbele yake, zingemsaidia tajiri. Zingesema: tazama, hata serikali imekuja mara tisa, na mara tisa imeona hapana mtu.

Nililia pale pale kwenye kabati. Mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimefiwa.

Ndipo nikamkumbuka Bwana Mwakio, Mungu amrehemu. Usianze ofisini. Nikauacha mkoba, nikaomba ruhusa ya siku moja, nikaenda Changamwe kama dada wa mtu. Mpishi wa kile kiwanda aliitwa Mama Mbeyu. Tulikuwa tumepungiana mikono kwa mbali miaka yote hiyo, sikuwahi kuingia jikoni kwake. Nilimngoja atoke jioni, nikamwamkua, nikamweleza.

"Kahindi yupi?" akauliza. "Kahindi wa ukoko?"

"Ukoko gani?"

"Huyo nduguyo hali sima bila ukoko. Wenzake wanaukataa, yeye analeta sahani anangoja nikwangue sufuria. Nimemkwangulia miaka. Mkewe alipojifungua yule wa pili aliniomba ukoko wa kumpelekea, nikamfungia kwenye karatasi ya unga. Wewe ni dada yake na hujui?"

Sikujua. Nilijua kodi, pensheni na gambuti.

Nikamwambia anaweza kupoteza kazi akisema. Mama Mbeyu alikuwa akijitanda leso upya, hakuharakisha.

"Wanifute mimi? Nani atawapikia, Bwana Fadhili?"

Siku ya kusikilizwa tulikaa katika chumba kidogo cha afisa wa kazi: Kahindi na mkono wake umefungwa, Sidi, Mama Mbeyu, mimi nyuma kabisa, na upande wa pili Bwana Fadhili aliyetumwa na kiwanda, na faili. Aliponiona alishtuka. Nikamfanya hatujuani, kama nilivyomfundisha Kahindi langoni.

Bwana Fadhili akasoma barua: hatumtambui. Afisa akamgeukia Mama Mbeyu, akamuuliza anamjuaje mlalamishi. Lo! Huyo mama hakuwa na karatasi hata moja, lakini aliimwaga miaka kumi pale mezani. Mwaka ambao Kahindi alikuja na kandambili zisizofanana. Mwaka wa mafua, alipokuwa akichukua sahani mbili, moja ya mwenzake aliyelala nyuma ya marobota. Miezi ya mbaazi, miezi ya maharagwe, mwezi ule maharagwe yalipoingia fukusi wakagoma kula, na Kahindi peke yake akaja kudai ukoko. Afisa alikuwa akiandika mpaka kalamu ikamwishia wino.

"Mama, watu wote hao unawakumbukaje?" akauliza.

"Mwanangu, nimewalisha. Na huyu hapa," akamwonyesha Bwana Fadhili kwa kidevu, "yeye mbaazi hapendi. Nilikuwa namtolea maharagwe kando. Fadhili mwanangu, siku nakutolea yale maharagwe, nani alikuwa akisimama nyuma yako na sahani ya ukoko? Sema tu. Mimi nitasimama na wewe."

Bwana Fadhili alifunga faili, akalifungua, akalifunga tena. Nilimwona shingo yake ikitokwa na jasho.

"Alikuwapo," akasema. "Alikuwapo siku zote."

Sitawadanganya kwamba mbingu zilifunguka. Mkono ulilipwa, baada ya barua nyingi na safari nyingi za Sidi, na pesa zile zikamfungulia Kahindi kibanda cha maji hapa Mishomoroni, anauzia watu kwa mitungi, bomba analifungua kwa mkono wa kulia. Pensheni ya miaka kumi haikuonekana hata senti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumchangia. Mama Mbeyu hawakumfuta. Walifunga jiko lote, wakasema chakula kitaletwa na kampuni kutoka nje. Akaweka meza yake ng'ambo ya lango, sufuria ile ile, na vibarua wanavuka barabara kwenda kula kwake. Kila nikikumbuka hilo nakasirika na kucheka kwa pamoja.

Mwezi wa tano nikarudi kwa Bwana Fadhili na mkoba. Fomu ilikuwa ya mwaka uliotangulia, mwaka wa mwisho kamili wa Kahindi. Hapakuwa na mahamri. Tulipofika mstari wa vibarua hakusema kitu, aliinuka, akatoa kitabu cha malipo ya wakala kabatini, akakiweka mbele yangu. Tukawatoa watu kwenye mstari wa kamba na mafagio, tukawaweka panapowahusu. Tukaweka na sima yao, kwa sababu chakula ni malipo. Ilituchukua siku nzima. Tulipomaliza, vibarua walikuwa wengi kuliko wale wa kudumu.

Mkadhani hapo nimemaliza. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu na kijana wa makao makuu, sauti ya juzi juzi tu.

"Mathe, hii namba yako imeruka noma. Haiwezekani kiwanda kimoja kiruke hivi. Si tuweke tu ya mwaka uliopita, tuongeze kidogo?"

"Mwanangu, imeruka kwa sababu mimi nilikuwa nimeikalia."

"Sijakushika."

"Watu hawa walikuwapo miaka yote. Mimi ndiye sikuwaandika."

Nikasikia anabofya bofya. Kisha akasema kompyuta inakataa, inataka sababu. Nikamwambia nitamwandikia sababu, na nikaiandika katika kisanduku cha maelezo: Vibarua hawa walikuwapo kila mwaka. Kosa lilikuwa langu. Fomu ikarudishwa na mkuu wangu wa kazi, akanishauri kwa upole nifute, niandike "mabadiliko ya mbinu." Nilikataa. Tulivutana siku tatu. Mwishowe tarakimu ikabaki ilivyo, na maelezo akayaandika yeye. Mabadiliko ya mbinu. Kwa hiyo mkisoma maneno hayo chini ya jedwali lolote, jueni kuna mtu mahali fulani anaona haya.

Nikauliza na ile miaka tisa ya nyuma. Isahihishwe. Akaniambia, "Kadzo, hiyo imeshachapishwa. Ukianza kufukua kiwanda kimoja utafukua nchi." Nikaomba kwa barua, mara mbili. Barua zangu nadhani ziko kwenye kabati lile lile.

Sasa kuna vishikwambi. Binti mmoja wa kanisani, naye amepata kazi ile ya mkataba, alikuja kunionyesha. Ni kitu kizuri, hakuna kurudia hesabu kwa mkono, hakuna mwandiko. Ukiandika namba tofauti sana na ya mwaka uliopita kinageuka chekundu na hakikuruhusu kuendelea mpaka ueleze. Akaniuliza, "Hawe, kikiwa chekundu nifanyeje?" Nikamwambia kikiwa chekundu fanya furaha, huenda umempata mtu. Na kikikaa kijani miaka mitatu mfululizo, toka kwenye kiti, kaulize wanakula wapi. Kama hakuna jiko, vuka barabara. Akaandika. Sijui kama atafanya. Ana viatu vyembamba sana.

Juzi taarifa ile ilisomwa tena. Nilikuwa kibandani kwa Kahindi, nimekaa kwenye mtungi uliopinduliwa, yeye anamjazia mteja, redio iko juu ya tangi. Jumla ya malipo ya wafanyakazi imepanda, akasema mtangazaji, akataja mabilioni kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Kahindi akafunga bomba.

"Dada, ile tarakimu ndiyo ile yako?"

"Ndiyo."

"Tangu nianze kazi imekuwa ikisomwa kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na mimi nilikuwamo?"

Ningeweza kumdanganya. Ni ndugu yangu, na alikuwa akitabasamu.

"Mwaka mmoja," nikasema.

Akausugua ule mkono ulioisha vidole kwenye shati lake.

"Na ile tisa nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa langoni, Kahindi," nikamwambia. "Nilikupita."